Mfuko Uliotobolewa Makusudi

Januari nashona sare. Sketi za samawati, kaptula za kaki;
watoto wa Kirumba wote nawajua kwa viuno.
Mwaka huu, juu ya meza ileile, limelala turubai
jekundu la lori, linanuka dizeli na pamba,
na Malegesi kasimama mlangoni na futi ya seremala
kana kwamba mimi sina futi yangu.

Anakwenda Goziba. Kutoka Goziba, Bukoba.
Kutoka Bukoba ataangalia.
Kwa tanga, si kwa injini: petroli ina bei, anasema,
upepo hauna risiti.

Unayo, Malegesi.
Huletwa baadaye.

Alitaka tanga kubwa, jeupe, la kuonekana toka Bwiru.
Nikamshonea. Hilo lilikwisha Jumanne.
Sasa nashona dogo,
dogo kama kanga mbili, zito kama mlango,
kila pembe tabaka nne, hata sindano ya cherehani
ikavunjika, nikaendelea kwa shazia,
kiganja nimekikinga kwa kipande cha kandambili.
"Hili la nini, Mama Misana? Halinifikishi popote."
Halikushonwa likufikishe.
Limeshonwa ili usukani uwe na la kusikia
usiku ambao kufika si habari tena.

Halafu mfuko. Mdomo mpana kama karai,
mkia mwembamba, na kwenye ncha ya mkia
nikachukua mkasi, nikakata tundu la kupita ngumi.
Hapo akacheka mpaka fundi baiskeli akachungulia.
"Gunia limetoboka, na bei ni ileile?"

Lisipotoboka litapasuka.
Utalifunga omoni, kamba mita hamsini,
ulitupe mbele, tanga kubwa limeshatuliwa.
Maji yaingie, maji yatoke,
na mtumbwi utazame wimbi usoni, usiligeuzie ubavu.
Kinachotaka kushika yote hakishiki kitu.
Hilo sikufundishwa na fundi yeyote.
Nililijua mwaka wa tatu wa ndoa.

Akaacha kucheka, akaanza kutaja alivyonavyo:
madumu manne matupu, yamefungwa chini ya mabao;
ndoo ya kufulia maji. Ina kamba? Haina.
Basi huna ndoo, una ndoo ya wimbi la kwanza.
Tochi mbili, kila moja ndani ya mpira wa zahanati,
fundo juu, na hakuna aliyetabasamu.
Filimbi. Kioo cha pikipiki, cha kumulika jua.
Maboya ya kuvaa? Moja.
Moja, akarudia, akitazama korongo
waliopanga foleni kwenye paa la soko la dagaa.

Nikampima mkanda wa kujifungia mlingotini.
Nikachukua upana wa mtumbwi, nusu yake,
nikatoa shubiri.
"Hautanifikisha ukingoni."
Ndiyo.

Nilidhani tumemaliza. Nikakusanya vipande,
chaki, uzi. Yeye bado yupo,
anakunja futi, anakunjua.
"Na wa pili," akasema. "Mdogo.
Amepata shule kule kwa shangazi yake."

Nilikaa. Mashine ilikuwa kimya,
upande wa pili wa barabara mtu anakwangua sangara.
Ningeweza kusema basi la Bukoba lipo,
meli ipo siku zake; nikasema.
Akanitajia anachodaiwa, na na nani.
Sikurudia.

Nikafungua daftari la sare:
Nyabise Malegesi, darasa la sita,
kiuno inchi ishirini na mbili.
"Lete boya la pili," nikamwambia, "ndipo uchukue mkanda.
Bila hilo sikupi hata tanga."
Akaenda. Sijui atalikopa kwa nani.

Nikakata utepe wa turubai, tabaka tatu,
nikapitisha mshono mara tano palipo na pete ya chuma.
Mkono ukafanya ulivyozoea Januari zote:
nilipofika mwisho nikaona nimeacha pindo,
inchi mbili, za kufumua
mwakani, akishakua.